Chumba Ubavuni mwa Bekari

Mbele yangu kwenye basi aliketi mwoka mikate, unga umemjaa hadi kwenye nyusi, akimtambia muuguzi asiyemjua kuhusu likizo: anampeleka mkewe mji wa pwani. "Jua tupu, dada yangu!" Muuguzi akamtazama. "Kaka, si unashinda mbele ya tanuri? Joto gani tena unalifuata?" "La huko likiunguza, si mkate wangu." Hapo nilimpa haki yake.

"Na mtafikia wapi?" "Tumepata chumba kizuri, ubavuni mwa bekari. Alfajiri nitachungulia kidogo tu, nione wenzangu wanavyokanda." Bahari hakuitaja. "Wewe! Na wifi anajua?"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Wa kushuka alikuwa muuguzi, lakini aliyeshuka mbio ni mwoka mikate.