Benchi Lisilo na Egemeo

Sikilizeni wanangu, na wewe wa pili acha kutazama saa, mauti hayaulizi una haraka gani. Jana mchana mlidhani nimelala. Ukuta huu wa mbao niliupiga mimi mwenyewe, najua kila neno linalopenya. Nilikusikia ukimwambia kaka yako mkubwa, "Baba akifumba macho, karakana uisahau, wewe si damu yetu." Haya, sijafumba.

Kwanza mjue sikudanganywa na mtu. Mama yenu aliniambia kwa kinywa chake, mwezi mmoja kabla ya harusi, kwamba ana mimba, na si yangu. Nilikasirika, acheni tu! Niliibamiza randa yangu sakafuni ikapasuka vipande viwili. Na wakati huo mimi ndiye mzee wa kanisa mdogo kuliko wote na mkali kuliko wote, seremala aliyeagizwa na baraza atengeneze benchi la waliotengwa, lile la nyuma karibu na mlango, lisilo na egemeo, ili mwenye dhambi asistarehe wakati wa mahubiri. Nililipiga msasa likang'aa, nikajisifu. Hilo natubia mpaka leo.

Mimba ilipojulikana, baraza likataka nisimame mbele ya watu nimtaje mama yenu kwa dhambi yake, ndipo nihesabiwe haki. Nikafungua Injili nitafute fimbo ya kumchapia, nikakutana na seremala mwenzangu, mchumba wa Mariamu. Imeandikwa alikuwa mtu wa haki, na kwa hiyo hakutaka kumwaibisha. Kwa hiyo, wanangu! Haikuandikwa "hata hivyo". Nililisoma mara tatu, nikaona aibu kwa lile benchi.

Nikamwoa. Jumapili iliyofuata wakamkalisha nyuma, nami nikatoka viti vya wazee nikakaa naye, tumbo lake na mimi, watu wakitugeukia. Baada ya miezi mitatu wakatusamehe, wakaniita nirudi mbele. Nikawaambia asanteni, nimeshapazoea hapa. Miaka arobaini na moja! Mgongo huu haukuharibiwa na randa.

Kaka yenu anayajua haya yote, nilimwambia siku aliponyoa ndevu kwa mara ya kwanza, akaniuliza tu kama kesho tunakwenda kazini. Basi karakana ni yenu wote watatu, na funguo anashika yeye. Kitanda hakizai haramu, na kitanda cha nyumba hii nilikichonga mimi. Asiyetaka asinitupie udongo. Nitazikwa na wapita njia, sibembelezi mtu. Na wazee wa kanisa wakitaka kuniweka mbele, wakatalieni. Jeneza langu likae nyuma, juu ya benchi langu.

Wa pili, usilie. Nawe nimekusamehe, maana nikikushikia kinyongo nitakuwa nimerudi barazani. Binti yangu, mpe kitambaa. Kesho asubuhi, wewe na kaka yako, chagueni mbao mbili nzuri mkalitie lile benchi egemeo. Yeye ashike, wewe upigilie, na ukimgonga kidole umwombe radhi. Lisirudi tena kuwa kama nilivyolitengeneza.

Mungu awa... awabariki, awahurumie kuliko mnavyostahili, nami pia. Pumzi zinaniishia. Mkubwa, sogea hapa nyuma yangu. Mwanangu... niegemeze.