Historia ya Mayu Mektilda na Picha ya Macho Yake

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, poleni na jua, familia imenituma mimi Flora, binti wa kwanza, nisome historia ya mama yetu, mayu kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, na baba ameomba nisiruke chochote.

Mektilda Mahona alizaliwa Migato tarehe 14 Aprili 1952, akamaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1967, na kuanzia msimu wa 1971 hadi 2008 alikuwa karani wa mizani ya pamba katika chama cha msingi cha ushirika, kazi aliyoifanya kwa ukali ambao ninyi mliozoea kunyunyizia pamba maji ili iongeze uzito mnaukumbuka vizuri.

Tarehe 22 Julai 1972 alifunga ndoa na mzee Masalu Machibya, wakahamia hapa Bariadi, wakajaliwa watoto watano, mmoja akatangulia, na miaka yote hiyo mzee Masalu hakujisumbua kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto wala rangi ya ndama, maana mkewe alikumbuka kwa niaba ya nyumba nzima.

Machi 2019 walikuja hospitalini watafiti wa macho, wakampiga picha ya nyuma ya jicho, kwenye mishipa midogo, na daktari akamweleza kwa upole kwamba utafiti bado unaendelea, picha haisemi kuwa ni mgonjwa, ila inaonyesha dalili kwamba huenda baadaye akapata Alzaima, ugonjwa unaokula kumbukumbu polepole. Yeye na baba walipofika nyumbani alimwambia, "Baba Flora, waambie majirani mapema, nikianza kupotea wajue naumwa." Mzee Masalu aliona aibu, hakumwambia jirani hata mmoja.

Mwaka 2022 alianza kusahau majina yetu, na tarehe 9 Februari 2023 alikutwa alfajiri kwenye zizi la jirani, hana viatu, akiwaita ng'ombe wa watu majina ya ng'ombe wa baba yake. Maneno yakaenea, ikasemwa macho yake mekundu si ya moshi wa kuni, ni ya uchawi, watoto wakakatazwa kupita kwetu, na asubuhi moja mlango wetu ukapigwa mawe. Inatuuma hadi leo. Jumapili iliyofuata mzee Masalu alisimama kanisani baada ya misa, akaeleza habari za ile picha huku akilia, na wapo waliokuja kuomba radhi, lakini mayu hakuwatambua tena ili awasamehe.

Alifariki tarehe 3 Juni 2025 kwa nimonia. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makarani wenzake wa pamba, jumuiya, na majirani, wote.

Jambo la mwisho ni agizo la baba. Mwezi uliopita naye alipigwa picha ya macho, na majibu yake yanafanana na ya mkewe. Anaomba mjue leo, akiwa bado anawafahamu kwa majina, kwamba mkimkuta zizini kwenu alfajiri mumshike mkono, mumrudishe nyumbani.

Mayu Mektilda, safari hii tumewaambia mapema. Pumzika kwa amani.