Mwinjilisti Dunstan, Aliyengoja Watu Wamalize

Ndugu waombolezaji, mliotoka Chiwanda na mliotoka Mbinga, Wakatoliki, Waanglikana na nyinyi wa wokovu, poleni kwa msiba. Wasifu huu unasomwa na Joakim, mdogo wake marehemu. Najua wapo wanaonong'ona kwa nini iwe yeye. Marehemu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na mjane hakutaka kusikia lingine.

Marehemu Dunstan Urban Challe alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Kihagara, mtoto wa kwanza wa Mzee Urban na Mama Bonifasia. Alibatizwa Mkatoliki akiwa na wiki mbili. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akaenda Mbinga kujifunza useremala. Alipofuzu alibaki hukohuko akitengeneza milango, vitanda, na vichanja vya kuanikia kahawa. Mkono wake ulikuwa safi. Hata mdogo wake, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu, aliagiza kwake meza ya chakula, na mpaka leo haijachezacheza mguu.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Perpetua, ambaye Mama Bonifasia alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa. Mwaka 1991 marehemu akaokoka, akajiunga na kanisa dogo lililokuwa likikusanyika kwenye banda la mbao karibu na karakana yake. Ee, nyumbani palichafuka! Mzee Urban alinyamaza wiki nzima. Joakim, aliyekuwa kiongozi wa vijana kigangoni, hakunyamaza hata siku moja. Alimwita kaka yake msaliti mbele ya wageni, kwenye harusi, hata sokoni.

Mwaka 1998 kanisa lake lilimtuma Chiwanda kuwa mmisionari. Wiki ya kwanza tu, Mzee Sixbert, mvuvi na Mwanglikana wa kuzaliwa, alimkabili ufukweni mbele ya kina mama waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa letu. "Babu zetu wamebatizwa kabla baba yako hajazaliwa! Wewe unatuletea Mungu gani? Umetuona wapagani?"

Marehemu akavua kofia. "Shikamoo, mzee wangu. Umemaliza?"

"Bado!"

"Basi endelea, mimi sina haraka."

Mzee Sixbert akaendelea mpaka usipa wa upande mmoja ukakauka na kina mama wakaugeuza. Alipoishiwa, marehemu akasema, "Babu zenu walisali kweli, sikuja kufuta sala zao. Atakaye kusali nami, karibu. Asiyetaka, nina randa na misumari, nitamtengenezea mlango." Mzee akaagiza mlango. Mlango upo, na Mzee Sixbert bado ni Mwanglikana. Ameketi pale mstari wa pili, na ameitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Ndivyo alivyowajibu wote kwa miaka ishirini na moja, watumishi wa serikali waliomcheka na walevi waliomtukana. Alingoja mtu amalize, kisha akajibu kwa upole. Joakim alilichukia sana neno lile "umemaliza". Aliliona ni kiburi kilichovaa upole, na alimwambia hivyo usoni.

Hapa lazima isemwe jambo. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilitoka mwaka 2005 ikarukia 2007. Glorious, mtoto mkubwa wa marehemu, aliisoma kabla haijapelekwa kuchapwa, akairudisha. "Baba mdogo, hapa pana mwaka umeruka. Usipouandika, kipaza sauti hukigusi." Palikuwa na watu wengi chini ya turubai, na hakuna aliyemtetea Joakim. Basi umeandikwa.

Tarehe 19 Agosti 2006 alizikwa Mzee Urban. Kwetu watoto hutupia udongo kaburini kwa kufuatana walivyozaliwa, na marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa. Alipoinama kuchota, Joakim alimshika mkono mbele ya kijiji kizima. "Uliikana dini ya baba. Udongo wake usiuguse!" Mama Bonifasia alipiga ukunga. Vijana wa Chiwanda waliomsindikiza marehemu walianza kukunja mikono ya mashati, na walioshika makoleo hawakuyaweka chini. Marehemu aliutazama mkono uliomkamata. "Umemaliza, mdogo wangu?"

"Nimemaliza!"

"Basi tangulia wewe. Mimi nitangoja."

Akarudi nyuma, akawatuliza vijana wake. Akapita Joakim, wakapita wajukuu, majirani, mpaka wapita njia. Wa mwisho kabisa akapita yeye, akatupa udongo wake, akaenda kumpa mama mkono. Joakim hakumwomba radhi siku ile, wala miaka kumi na minane iliyofuata. Alikosa, na alijua kwamba amekosa.

Mwaka 2019 marehemu alirudi Mbinga kwa sababu ya kisukari, na mwaka 2024 figo zikaanza kushindwa. Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 Joakim alipanda basi kwenda kumwona hospitalini, akiwa amejiapiza kulisema lile neno la radhi. Alizungumza habari za mihogo. Akazungumza habari za barabara, na bei ya mbolea. Kaka yake akamsikiliza yote, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umemaliza, mdogo wangu?"

Joakim akajibu, "Nimemaliza." Ulikuwa uongo. Alikusudia kurudi Jumatatu. Jumatatu hiyo, tarehe 9, saa tatu asubuhi, Mwinjilisti Dunstan aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, Perpetua, watoto watatu, Glorious, Loveth na Tumsifu, wajukuu watano, na ndugu mmoja, Joakim. Atalala hapa kando ya baba yake.

Kwenye ratiba mliyoshika, ukurasa wa mwisho, imeandikwa kwamba wa kwanza kutupa udongo ni Joakim. Hilo ni agizo la marehemu, alimwachia mkewe. Shemeji Perpetua, Glorious mwanangu, mtamwia radhi Joakim, agizo hilo hataliweza. Tangulieni nyinyi. Wapite wa Chiwanda, apite Mzee Sixbert, wapite wote waliokuja leo hata kama hawamjui. Yeye atangoja.

Kaka, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe. Sasa nimemaliza. Lala kwa amani.