Tumbo la Mtamba wa Sankale

Kijiwe cha kahawa kipo ukingoni mwa korongo, huku Ngaramtoni, na asubuhi ile hapakuwa na utani. Mtamba wa Sankale alikuwa amekufa jana yake, mimba ya kwanza tumboni. Bwana mifugo alipompasua alikuta mifuko ya plastiki imesokotana kama kamba, hapapiti majani wala maji. Ndama alikuwa keshaota manyoya. Sankale alikaa mwisho wa benchi, kahawa ikimpolea mkononi.

— Pole tena, mzee, alisema Efraimu wa bodaboda, ambaye wenzake humwita Breki. Ila hapo kuna mkono wa mtu. Ng'ombe mwenye akili zake hali nailoni.

— Mkono wa mtu wapi! alidakia Reginald mwenye duka, Profesa wa kijiwe. Ni mvua hiyo. Inazoa taka mjini inazileta huku.

— Profesa, mjini ni chini. Maji siku hizi yanapanda mlima?

— Basi upepo. Au watalii na zile droni zao. Mimi kwa macho yangu niliona moja inaangusha kitu.

— Ikamlenga mtamba?

Hakuna aliyecheka. Sankale aliwasikia kwa mbali, kama watu wanaoongea ndani ya nyumba nyingine.

— Nilimpeleka korongoni mwenyewe, alisema. Nyasi zimekwisha kote. Nilimwona anatafuna, nikajua anacheua.

Ndipo akafika Jackline, mwalimu wa darasa la nne.

— Shikamooni. Pole sana, baba Namelok, alimwambia Sankale. Nimekuja kuomba ile mifuko. Nataka watoto waione.

— Mwalimu, si mna picha vitabuni? aliuliza Reginald.

— Picha haziwaingii. Juzi niliwauliza chura analiaje. Darasa zima kimya. Hawajawahi kumsikia, na korongo liko hapo nyuma ya shule.

Sankale alikumbuka vyura wa korongo lile walivyokuwa wakipiga kelele masika, hadi mama yake anafunga dirisha. Hakujua walinyamaza lini.

— Ila kuna jambo linanisumbua, mwalimu aliendelea. Watauliza nani aliyeitupa mifuko. Niwaambie nani?

Breki aliinama akaanza kukagua tairi la pikipiki yake. Muuza kahawa akapangusa kikombe kilichokuwa kisafi. Reginald alikohoa. Kila mtu pale alijua binti yake hutumwa korongoni na taka za duka kabla ya kwenda shule.

— Brightness siku hiyo hatakuja, alisema. Anaumwa.

— Siku gani, baba Brightness? Sijaitaja bado.

Sankale akaweka kikombe benchini, akasimama.

— Iwe leo, alisema. Mifuko ipo nyumbani, bado ina damu. Niioshe kwanza?

— Hapana, baba. Njoo nayo hivyo hivyo.