Jibini ya Saa Kumi

[Kriiing. Kriiing. Mashine ya kunyoa inanguruma, kisha inanyamaza.]

OSEWE: Haloo, kinyozi Highrise hapa. Nani mwenzangu?

NEREAH: Osewe, ni mimi.

OSEWE: Dada yangu! Niaje? Ngoja nimwambie mteja— mzee, dakika moja, hiyo nusu iliyobaki haitoroki. Haya, sasa?

NEREAH: Poa.

OSEWE: Hiyo poa yako ina kutu. Uko wapi?

NEREAH: Kazini. Jikoni kwa Madam. Nimeshika kisu.

OSEWE: Kisu cha nini?

NEREAH: [Laini inakwaruza.] Jibini.

OSEWE: Cha nini? Sijasikia—

NEREAH: Jibini, Osewe. Usinifanye niseme mara mbili.

OSEWE: Si nesi Syokau alikukanya? Si ulianguka pale Gatina mbele ya duka, presha iko juu, watu wakakumwagia maji wakidhani ni mapepo? Alikwambia ukiendelea hivyo utaishia kama—

NEREAH: Usiseme.

OSEWE: Sisemi.

NEREAH: Hakunikataza kabisa. Alisema ile chumvi ndiyo inaniumiza. Kipande kama kidole, mara moja kwa wiki, tena presha ikishashuka. Ni rahisi kusema hivyo kama huna kitu kizima mezani. Madam ameniachia duara zima. Jekundu nje, kubwa kama kichwa cha mtoto.

OSEWE: Tupa.

NEREAH: Nitupe chakula? Mimi?

OSEWE: Basi gawa.

NEREAH: Niligawa. Nilimpelekea jirani yangu Kathini sahani nzima. Akaniuliza kama ni sabuni imeoza. Watoto wake wakatema mlangoni mmoja baada ya mwingine. Kawangware yote, anayekula kitu hiki ni mimi peke yangu.

OSEWE: [Anacheka.]

NEREAH: Usicheke.

OSEWE: Nimeacha. Umekula?

NEREAH: Kwani wewe umekula?

OSEWE: Nereah. Umekula?

NEREAH: Jana, kidogo. Leo, si kidogo. Kisogo kinagonga. Nikiinama naona vimulimuli.

OSEWE: Mzee, shuka kitini. Ndiyo, na nusu kichwa, uvae kofia. Utarudi kesho, bure. — Dada, weka hicho kisu chini.

NEREAH: Mkono haukubali. Wewe unadhani ni ulafi. Nakata, nafunga kwa gazeti, naweka juu kabisa ya kabati, naosha mikono. Halafu napanda kiti. Hata kuomba nimeomba. Mate yananijaa katikati ya Baba Yetu.

OSEWE: Mchana ulikula nini?

NEREAH: Chai.

OSEWE: Asubuhi?

NEREAH: Chai.

OSEWE: Basi unapigana na njaa huku unaiita jina lingine. Nesi hakukueleza hilo?

NEREAH: Alieleza. Aliniuliza hamu inanishika saa ngapi. Nikamwambia saa kumi, kila siku saa kumi. Akasema tumbo lililokaa na chai tangu asubuhi likifika hapo halina adabu tena, linadai mafuta na chumvi. Nipike saa sita, ugali, sukuma na maharagwe, nishibe. Ikinishika ninywe maji, nitoke nje, nizunguke hadi ipite, kwa sababu huwa inapita.

OSEWE: Na hukufanya.

NEREAH: Nilifanya, omera ndugu yangu, hadi juzi. Na ilisaidia, siwezi kudanganya. Ilipungua, ikawa kitu ninachoweza kukiambia ngoja. Lakini haikuisha. Nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni, na saa kumi ikafika, na nikaitaka.

OSEWE: Mtu ameshiba anatakaje?

NEREAH: [Laini inakwaruza.] Hiyo ndiyo saa Madam alikuwa ananiita. Anaweka ubao mezani, anakata yake, anakata yangu, anasema, Nereah, kaa. Hapa Nairobi ni nani mwingine aliwahi kuniambia kaa?

OSEWE: Mimi nakwambia.

NEREAH: Lini?

OSEWE: Wateja ni wengi, Nereah.

NEREAH: Sikulaumu. Una vichwa vya watu.

SAUTI: Mama, chai nimemaliza.

OSEWE: Nani huyo?

NEREAH: Anaitwa Kitheka. Fundi wa simu.

OSEWE: Simu ina shida gani? Mbona nakusikia?

NEREAH: Amekuja kukata laini.

OSEWE: Kwa nini? Madam akirudi atapiga na nini?

NEREAH: Harudi. Ameenda kwao kabisa, na mizigo yote. Nyumba inafungwa leo.

OSEWE: Na hukuniambia.

NEREAH: Ndiyo nakuambia. Tangu upokee simu nakuambia.

OSEWE: Mpe fundi hiyo simu.

KITHEKA: Haloo, mkubwa. Usinikasirikie, mimi nimetumwa tu.

OSEWE: Sina hasira na wewe. Kisu kiko wapi?

KITHEKA: Bado amekishika.

OSEWE: Muombe. Polepole, kama unaomba chumvi— hapana, usitaje chumvi.

KITHEKA: [Mbali.] Mama, niazime hicho. Asante. [Karibu.] Ninacho.

OSEWE: Na lile duara?

KITHEKA: Bwana, kitu hiki kinanuka kama buti langu wakati wa mvua. Alinikatia kipande na chai, nikakitia mfukoni kwa heshima.

OSEWE: Beba lote, ondoka nalo.

KITHEKA: Mimi? Nikiingia nalo nyumbani nitalala nje. Lakini nina kazi hapo nyumba ya pili, na wenyewe wanakula vitu hivi. Nitawaachia.

OSEWE: Sawa. Sasa niambie ukweli. Anaonekanaje?

KITHEKA: [Kwa sauti ya chini.] Anashika ukuta, mkubwa. Njoo. Mimi gari la kazi linaningoja, lakini nitamtafutia kiti, nimwache na askari hapo getini.

NEREAH: Umemwambia nini? Ameibeba yote.

OSEWE: Nakuja. Nafunga hapa, nakimbia. Tunaenda kliniki pamoja, presha ipimwe.

NEREAH: Na kazi?

OSEWE: Nywele zitaota hata nisipokuwepo. Na sikiliza, kuanzia kesho, saa kumi ni yetu. Uje kwangu Kianda au nije kwako Gatina. Sufuria moja, chumvi ya kunusa. Presha ikishashuka, kile kipande cha kidole nitakitafuta mimi mwenyewe. Nakata yangu, nakata yako.

NEREAH: Wewe utakula?

OSEWE: Nikiwa nimeziba pua.

NEREAH: [Anacheka kidogo, kisha pumzi inamkatika.]

OSEWE: Toka jikoni humo. Niahidi. Mimi siwezi tena kufungua mlango wa jikoni nikute—

NEREAH: Najua.

OSEWE: —siwezi, Nereah, safari hii si—

NEREAH: Najua, omera. [Honi nje.] Wanamharakisha, anakata. Nisikilize.

OSEWE: Nakusikia.

NEREAH: Mama ulimkuta jikoni, hapumui. Mimi utanikuta getini, nimekaa, nakungoja. Nakuahidi.