Historia ya Fundi Joto, Aliyehamisha Kipimajoto

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, niliyeandika haya ni mimi mama mzazi wa marehemu, na anayewasomea ni mjomba wake, kwa kuwa sauti yangu imekauka kwa kupokea wageni.

Marehemu, kifungua mimba wangu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1978 katika hospitali ya wilaya, akiwa na kilo mbili na nusu na kelele za kilo nne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1985 hadi 1991, sekondari hadi 1995, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha maabara mwaka 1998.

Januari 1999 aliajiriwa katika kiwanda cha vifaa vya hospitali, akianza kwa kuosha chupa, na mwaka 2009 akahamishiwa chumba cha nyuzi, ambako majimaji mazito husukumwa kwenye sindano, yakavutwa kwa umeme mkali, yakaruka na kukauka hewani kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, za kufunikia majeraha ya moto.

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na fundi umeme wa kiwanda hicho hicho, mkwe wangu mpole asiyejua kupika, wakajaliwa binti mwaka 2005 na mvulana mwaka 2008.

Februari 2016 kazi ilianza kuharibika, asubuhi nyuzi ni safi, ikifika mchana majimaji yanakauka kwenye ncha ya sindano na kuiziba, lawama zikamwangukia yeye, akapewa wiki mbili ajirekebishe au aondoke, ilhali kipimajoto cha kioo kilichotundikwa kwenye msumari ukutani, chini ya kiyoyozi, kilisoma digrii ishirini na tano kutwa nzima. Hakukiamini, akaomba kihamishiwe ndani ya sanduku la mashine, zilipo sindano, wenzake wakamcheka eti anaipima mashine homa, akawajibu kwamba mtoto mwenye homa hapimwi ukutani, na kilipoingizwa kikasoma thelathini na nne. Tangu siku hiyo kiyoyozi kikawa kinarekebishwa kwa kufuata kipimo cha sandukuni, sindano zikaacha kuziba, naye akaitwa Fundi Joto. Hakuna aliyemwomba radhi, ila mwaka 2018 alipewa usimamizi wa chumba kizima, nami nikalihesabu hilo kuwa radhi tosha.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akafanya kazi hadi Machi, na kitandani hakuusia nguo wala vyombo, alitaka tu kujua kama msimamizi mpya, mpenda unadhifu, hajakirudisha kipimajoto ukutani. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita, kabla sijampatia jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kutotudanganya, majirani kwa viti, maji na kuwalisha wajukuu, na wafanyakazi wenzake wote, hasa huyo msimamizi mpya, aliyefika jana nikamuuliza kabla hajakaa, akasema kipo sandukuni, na ule msumari wa ukutani ameung'oa kwa mkono wake.

Umesikia, mwanangu, kipo mahali pake. Pumzika kwa amani.