Michubuko ya Dada Kahaso

Jumapili tarehe 5 Februari 2023, saa moja na dakika kumi asubuhi, marehemu dada yangu Kahaso Mramba alikunja mikono ya gauni aoshe vyombo nyumbani kwa wazazi wetu, Mackinnon Road, nami, mdogo wake Mbodze, nikaona michubuko, nikaihesabu, kumi na saba, nikaiandika kwenye karatasi na kumpelekea baba mkubwa.

Kahaso alizaliwa tarehe 22 Mei 1991 hukohuko Mackinnon Road, akasoma hapo hadi kidato cha nne, akahitimu ualimu mwaka 2013, akafundisha darasa la kwanza Majoreni, na tarehe 17 Desemba 2016 akafunga ndoa na Kavumbi, mwashi wa hapa Msambweni, wakajaliwa mtoto mmoja, Beryl, mwenye miaka saba.

Kwa karatasi yangu ile, wazee walimhukumu shemeji kuwa anampiga mkewe, wakamtoza mbuzi, wakamzuia dada kurudi kwake. Tarehe 20 Machi, damu ya fizi ilipokataa kukatika, hospitali ilibaini kwamba kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikiharibu chembe zinazogandisha damu. Baba mkubwa aliuliza, "Ugonjwa gani huo wenye ngumi?" naye dada akamjibu, "Basi baba, damu yangu nayo itozeni mbuzi." Alirudi kwa mumewe, lakini hakuna aliyemwomba shemeji radhi, nikiwemo mimi.

Chuoni nilikuwa nikisomea maikro-RNA, vipande vidogo mno ndani ya chembe za mwili vinavyozinyamazisha jeni, na kwa ridhaa yake tulipima damu yake, tukakuta kimoja kinachosaidia kuituliza kinga kiko chini sana ya kawaida. Kipimo cha mtu mmoja hakithibitishi chanzo, wala hakikumtibu, ila ninasema mbele yenu, michubuko ile haikutoka mkononi mwa mtu.

Dawa zilimsaidia kwa miaka miwili, kisha zikashindwa, akafariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa alasiri, kwa damu kuvuja kichwani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani, na wote waliomtolea damu. Mungu akulaze pasipouma, dada.

Jioni ya Jumanne ile wazee waliamua azikwe Mackinnon Road, mbali na mumewe. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuja hapa kwa shemeji Kavumbi, nikamwomba radhi kabla ya kumpa pole, kisha nikamwomba achague pahali pa kaburi, ndipo hapa tuliposimama leo.